Kazi mpya iko Dar, maisha yako yako Mwanza: mwongozo kamili wa kuamua kuhama au kubaki

Mtu akipigiwa simu kwamba amepata kazi Dar es Salaam, jambo la kwanza analotangaza nyumbani ni mshahara. Kuanzia hapo mjadala wote unabebwa na tarakimu hiyo: mwenza ameisikia, wazazi wameisikia, marafiki wanasema bahati haiji mara mbili. Mimi tarakimu hiyo ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Mambo yanayostahili kuamua ni mawili: kitakachobaki mkononi mwezi ukiisha huko uendako, na njia ya kurudi iwapo kazi itakatika. Hatua zifuatazo zinakusaidia kuyajua yote mawili kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Nitatumia mfano mmoja: mfanyakazi wa sekta binafsi anayeishi Buhongwa, Mwanza, mwenye mwenza na watoto wawili. Analipwa shilingi 1,100,000 kwa mwezi na ameahidiwa 1,800,000 Dar. Makato nitakayotaja ni ya kisheria kwa Tanzania Bara. Kodi ya nyumba na nauli ni za kukadiria, nawe uweke za kwako. Kama unatoka Mbeya au Tanga, au kama unaitwa Dodoma badala ya Dar, hesabu ni ileile kwa tarakimu tofauti.

Hatua ya kwanza: pata ofa kwenye karatasi

Ofa ya mdomo haihesabiwi, hata kama aliyepiga simu ni mkurugenzi mwenyewe. Omba barua ya ofa yenye cheo, mshahara ghafi (kabla ya makato), posho zilizotajwa moja moja, aina ya mkataba na muda wake, kipindi cha majaribio, na kituo cha kazi. Usikubali sentensi ya "mshahara mnono pamoja na marupurupu".

Kisha mchunguze mwajiri. Kampuni inatakiwa iwe imesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na usajili unaweza kuutafuta mtandaoni. Mtafute mtu anayefanya kazi pale sasa, umuulize mambo matatu: mshahara huingia tarehe ngapi, michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, inapelekwa kila mwezi au inakatwa tu na kuishia njiani, na aliyekuwa kwenye nafasi hiyo kabla yako aliondoka kwa nini. Swali la tatu hufichua mengi kuliko yale mawili ya kwanza. Ukiombwa hela ya fomu, ya vipimo vya afya au ya "kushughulikia faili", umefikiwa na matapeli na safari iishie hapo.

Kama kazi ni ya mradi, uliza mradi unaisha lini na unafadhiliwa na nani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wengi waliokuwa kwenye miradi ya afya walijikuta nje ya kazi kwa taarifa fupi mno, wakiwemo waliohama mikoa kuzifuata kazi hizo. Ofa ya mradi inaweza kuwa nzuri, ila iwe na bei kubwa zaidi, kwa sababu unauza usalama wako pamoja na nguvu zako.

Hatua ya pili: geuza mshahara ghafi kuwa hela ya mkononi

Hapa ndipo ninapokuomba uchukue kalamu. Mchango wa mfanyakazi NSSF ni asilimia 10 ya mshahara, na hutolewa kabla ya kodi kukokotolewa. Kinachobaki kinatozwa PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, kwa viwango vya ngazi: hadi 270,000 hakuna kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 ya kinachozidi, hadi 760,000 ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, hadi 1,000,000 ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, na juu ya milioni moja ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi.

Kwa mtu wetu wa Mwanza:

Mshahara 1,100,000, toa NSSF 110,000, inabaki 990,000 ya kutozwa kodi. PAYE ni 125,500. Mkononi: 864,500.

Kwa Dar:

Mshahara 1,800,000, toa NSSF 180,000, inabaki 1,620,000. PAYE ni 314,000. Mkononi: 1,306,000.

Ile nyongeza ya 700,000 iliyofurahisha nyumba nzima imekuwa 441,500. Na kama anadaiwa na Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa pia: 165,000 Mwanza na 270,000 Dar. Mkononi inakuwa 699,500 dhidi ya 1,036,000. Tofauti: 336,500. Chini ya nusu ya ile iliyotangazwa.

Kwa mtumishi wa umma anayehamia sekta binafsi kuna jambo la ziada. Kwenye PSSSF, mfuko wa hifadhi wa watumishi wa umma, ulikuwa ukichangia asilimia 5 na mwajiri akilipa 15. Kwenye NSSF, wewe na mwajiri mkigawana mchango nusu kwa nusu, utachangia 10. Mshahara uleule wa ghafi utakuacha na hela pungufu mkononi, kwa hiyo usilinganishe hati zako za malipo kwa macho tu.

Hatua ya tatu: toa gharama za maisha ya huko

Tubaki na 336,500 ya mtu mwenye mkopo. Chukulia Mwanza alikuwa akilipa kodi ya 150,000 kwa nyumba ya vyumba viwili, na Dar nyumba ya kulingana nayo, yenye choo ndani na maji ya kuaminika, ni 300,000. Tofauti ya nyongeza imeshuka hadi 186,500. Nauli za mwezi zikizidi kwa 50,000, imebaki 136,500.

Bado hatujagusa chakula. Mwanza dagaa na sato ni vya pale pale, mchele wa Magu au wa Sengerema unaletwa na shangazi, mahindi yanatoka shambani kwa mama. Ukihama, vyote hivyo unavinunua, na hakuna anayeviandika kwenye hesabu kwa sababu havijawahi kuwa na risiti. Kaa na mwenza wako mwandike kila kinachoingia jikoni bila kulipiwa. Aliyejenga kwake na asiyelipa kodi hesabu inambana zaidi: kodi ya Dar yote ni gharama mpya, isipokuwa akipata mpangaji wa kuaminika wa nyumba aliyoiacha.

Halafu kuna wageni. Nyumba ya Dar ni mahali pa kufikia kwa ukoo mzima: anayeletwa Muhimbili kwa rufaa, kijana anayeanza chuo, binamu anayetafuta kazi "kwa wiki mbili". Hilo ni sehemu ya utu wetu na silipingi. Ninachosema ni kwamba lina gharama ya kila mwezi, na ukiacha kuliwekea fungu utagombana na mwenza wako kwa sababu ya watu mnaowapenda nyote wawili.

Michango ya harusi na misiba ya Mwanza nayo haitakoma. Msiba wa karibu utakudai nauli ya ghafla kwa barabara ya zaidi ya kilomita 1,100 au tiketi ya ndege iliyonunuliwa siku hiyohiyo, ambayo ndiyo ghali kuliko zote. Gawanya makadirio ya mwaka mzima kwa 12, uyatoe kwenye kile kilichobaki.

Hatua ya nne: hesabu gharama ya kuhama yenyewe

Kuna hela utakazolipa mara moja tu: lori la mizigo au nafasi kwenye fuso linalorudi Dar, nauli za familia, dalali, mapazia, mtungi wa gesi, sare mpya za shule, na vitu vitakavyovunjika njiani. Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, mbali na hela ya kukuonyesha nyumba. Chukulia jumla ni 1,500,000. Gawanya kwa ile 136,500: itakuchukua miezi 11 kurudisha hela ya kuhama tu, kabla hujafaidi shilingi moja ya nyongeza. Ikiwa mkataba ni wa mwaka mmoja, unaona mwenyewe ilivyo.

Tofauti na hiyo ni hela ya kuanzia. Wenye nyumba wengi Dar hutaka kodi ya miezi sita, wengine ya mwaka. Kwa nyumba ya 300,000 hiyo ni 1,800,000 mkononi kabla ya mshahara wa kwanza, ambao hautaingia hadi mwisho wa mwezi, na ukianza kazi katikati ya mwezi unaingia nusu. Usikope kwa riba ya mtaani kuziba pengo hili. Kama huna akiba ya kulimudu, suala hilo lipeleke kwenye mazungumzo na mwajiri, hatua ya saba.

Hatua ya tano: nenda ukapime jiji siku ya kazi

Usaili huwafikisha watu ofisini saa nne asubuhi kwa bajaji, wakaondoka wanasema ni karibu tu. Rudi siku ya Jumatatu au Jumanne ambayo si sikukuu. Lala kwa ndugu kwenye eneo unaloweza kulipia kodi yake, si lile unalolitamani. Uwe kituoni saa kumi na moja na nusu alfajiri, na jioni uondoke jirani na ofisi hiyo saa kumi na moja, uone utafika saa ngapi.

Kinachoamua ni mahali ofisi ilipo. Ofisi ikiwa Posta au Kivukoni, Kimara na mitaa iliyo kando ya njia ya mwendokasi inakubalika, mradi uvumilie kubanana kwenye basi na kusubiri foleni ya kuingia. Ofisi ikiwa Masaki na wewe umepata nyumba nafuu Chanika au Gongo la Mboto, utavuka jiji zima mara mbili kwa siku. Kigamboni kodi yake huvutia, lakini uhesabu kivuko au tozo ya daraja. Bunju na Goba ni kuzuri kwa familia, na Barabara ya Bagamoyo asubuhi ina tabia yake. Mtu aliyekuwa akifika kazini Mwanza kwa dakika 25 kutoka Nyegezi akianza kutumia saa mbili kwenda na mbili kurudi, watoto wake watamwona wikendi tu. Mimi ningelipa kodi kubwa zaidi nikakaa karibu, hata nyumba ikiwa ndogo. Kama hesabu haikubali hilo, ni alama mbaya kwa ofa nzima.

Hatua ya sita: kikao cha nyumbani

Fanya kikao hiki baada ya hesabu, zikiwa zimeandikwa, na kabla hujatoa jibu kwa mwajiri. Wengi hufanya kinyume: wanakubali kwanza, kisha wanakuja "kushauriana".

Mwenza wako naye ana kipato, hata kama hakina hati ya mshahara. Saluni ya Mkuyuni, genge, ushonaji, kuku wa mayai: wateja hawahami naye. Kadiria miezi ya kuanza upya bila kipato, uitoe kwenye hesabu yako. Akiwa mwalimu au muuguzi wa serikali, kuna uhamisho wa kuomba mwenyewe, ambao huombwa kupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, na haulipwi posho ya uhamisho. Dar ndiko wengi wanakotaka kwenda, hivyo msipange maisha kana kwamba kibali kimeshatoka. Andikeni bajeti ya nyumba mbili kwa mwaka mmoja. Isipowezekana, mjue mapema.

Watoto: mwaka wa masomo wa msingi na sekondari huanza Januari, na huo ndio wakati mzuri wa kuhamisha. Aliyeko darasa la saba aachwe amalize mtihani wake Septemba, wa kidato cha nne amalize Novemba. Mtoto akishasajiliwa kwa mtihani wa taifa, kumhamisha katikati ni usumbufu ambao hakuna mshahara unaoulipia.

Kuhusu wazazi, swali la kweli ni moja: nani atampeleka baba hospitali ya Bugando usiku akizidiwa? Jina la mtu huyo litajwe kikaoni, naye awepo aseme ndiyo. Na kama upo kwenye kikoba, maliza mkopo na mzunguko wako kabla ya kuondoka. Jina lako kwa wale kina mama na kina baba ni sehemu ya njia ya kurudi.

Hatua ya saba: zungumza na mwajiri wakati bado anakutaka

Kati ya ofa na saini ndipo una nguvu kuliko wakati mwingine wowote. Kabla ya kufungua mdomo, andika kiwango chako cha chini: mshahara ambao chini yake huhami, hata wakusifu vipi. Anza kwa kuomba mambo ambayo kampuni huyatoa kwa urahisi kuliko nyongeza ya kila mwezi. Barua inaweza kuwa hivi:

"Ndugu Meneja Rasilimali Watu, nashukuru kwa ofa yenu na ningependa kuifanya kazi hii. Kwa kuwa nahamia Dar es Salaam na familia kutoka Mwanza, naomba tukubaliane mambo manne kabla ya kusaini: kampuni igharamie usafiri wa familia na mizigo, nipatiwe mkopo wa mshahara usio na riba kwa ajili ya kodi ya miezi sita, ukatwe ndani ya miezi 12, bima ya afya ihusishe mwenza na watoto, na mkataba uonyeshe kwamba mahali nilipoajiriwa ni Mwanza."

Ombi la nne halimgharimu mwajiri chochote leo, na ndilo ningeling'ang'ania kuliko yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka maelezo ya ajira yataje mahali mfanyakazi alipoajiriwa na mahali pa kazi. Ajira ikikoma sehemu ambayo siyo ulipoajiriwa, mwajiri anawajibika kukurudisha wewe na mizigo yako, au kulipia usafiri huo, pamoja na hela ya kujikimu hadi siku ya kusafirishwa. Mkataba ukisema uliajiriwa Dar, wajibu huo unayeyuka. Watu husaini bila kusoma mstari huo, na baadaye wanalipa lori wenyewe.

Soma pia kipindi cha majaribio. Asiyetimiza miezi sita kwa mwajiri halindwi na vifungu vya kuachishwa kazi isivyo haki. Akitimiza na akaona ameonewa, ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kumbuka ile miezi 11 ya kurudisha gharama: zaidi ya nusu yake utakuwa bila ulinzi huo. Ndiyo maana napendelea mtu atangulie peke yake, apange chumba au akae kwa ndugu kwa muda uliotajwa huku akichangia chakula na umeme, na familia ifuate baada ya barua ya kuthibitishwa. Kutengana kunauma, na kwa watoto wadogo kunauma zaidi. Lakini familia iliyobaki Buhongwa miezi sita ina pa kurudi.

Hatua ya nane: amua

Weka karatasi mbele. Kinachobaki kwa mwezi Dar, baada ya makato, kodi, nauli, jiko, wageni na safari za nyumbani, kikiwa kikubwa kuliko cha Mwanza, na gharama ya kuhama ikirudi ndani ya nusu ya muda wa mkataba, na akiba ya miezi mitatu ikiwepo: nenda. Kikiwa sawa au pungufu, pana sababu moja tu ninayoikubali, nayo ni kazi yenyewe kukufundisha kitu ambacho Mwanza hakipo na kitakachokupandisha ngazi ndani ya miaka michache. Kitaje kitu hicho kwa sentensi moja. "Dar kuna fursa" haitoshi.

Kuna ofa za kukataa hata hesabu ikikubali: mwajiri asiyetaka kuandika alichoahidi, mzazi mgonjwa asiye na wa kumwangalia, ndoa ambayo tayari inayumba. Ukikataa, kataa mapema na kwa heshima, kwa simu kisha kwa barua. Anayeajiri leo ataajiri tena mwakani.

Hatua ya tisa: ondoka vizuri

Usiandike barua ya kuacha kazi hadi mkataba uwe umesainiwa na pande zote mbili na nakala iwe kwako. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kisheria haipungui siku 28, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Mwombe mwajiri mpya tarehe ya kuanza inayoheshimu hilo. Siku za likizo ambazo hukuzichukua dai zilipwe. Kiinua mgongo cha kisheria, mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira, kwa hiyo anayeacha mwenyewe asikiweke kwenye bajeti ya lori.

Bosi wa sasa akikuita na kukuongezea mshahara ubaki, rudi kwenye karatasi ileile. Mwanza huhitaji 1,800,000 ili uwe sawa na Dar. Kwa mfano wetu, nyongeza itakayokuletea ile 136,500 mkononi inatosha kuzifanya ofa mbili zilingane, kabla hata ya kuhesabu foleni. Akiahidi, naye aandike.

Kama unabaki ndani ya NSSF, namba yako ya uanachama ni ileile. Mpe mwajiri mpya hiyo, usijisajili upya. Kiwanja au nyumba ya Mwanza usiiuze mwaka wa kwanza. Na siku ya mwisho kazini, pamoja na kukabidhi funguo na laptop, uchukue cheti cha utumishi. Ni haki yako kisheria, na kukifuatilia ukiwa Dar ni kazi.